Mabati Mapya ya Ciku

Viatu bado viko pale pale.

Nasema hivyo kwa sababu kuna msomaji kutoka Kalamba aliyenitumia ujumbe wiki hii akiapa kwamba viatu vilivyokuwa chini ya ngazi, nje ya mlango wa Ciku, haviwezi kuwa vya Mutisya. Ati viatu vya kahawia viko vingi. Ndugu yangu, pole sana. Kavata ndiye aliyevipeleka kwa fundi vikatiwa soli mpya. Kimoja kina kamba nyeusi na kingine kina kamba ya kahawia. Ni vya bwanake.

Na wewe uliyetushika leo njiani, panda, hutapotea. Kavata na mumewe Mutisya wamepanga nyumba katika ploti ya Kiema, nyuma ya soko la mji wa Wote. Kiema anauza mabati na saruji mjini, lakini paa la Kavata linavuja tangu mvua ya mwaka jana. Mlango unaotazamana na wake amepanga Ciku, fundi wa nguo aliyehamia kutoka Emali, mwanamke mwembamba, mcheshi, asiye na mume. Paa la Ciku nalo lilikuwa linavuja.

Lilikuwa. Leo Jumamosi mwalimu wa kwaya amekauka sauti, waimbaji wakarudishwa nyumbani mapema, na Kavata akaingia ploti akakuta mabati mapya yanang'aa juu ya nyumba ya Ciku na viatu vya mumewe chini ya ngazi.

Kisha akasikia Mutisya akicheka. Alikuwa anacheka humo ndani kwa Ciku, kicheko cha mtu aliyeshiba.

Na harufu! Ndengu zilizokaangwa na vitunguu vingi, jinsi Mutisya anavyozipenda. Nyumbani kwake kulikuwa na mabeseni sakafuni na karatasi ya nailoni juu ya kitanda cha mtoto wao Kasyoki, na mwanaume aliyekuwa akisema kila siku kwamba mgongo unamuuma hawezi kupanda ngazi.

Wewe ungefanya nini? Ungevunja mlango. Kavata hakuuvunja. Alitoa simu kwanza.

"Kiema, ni mimi Kavata. Kuna watu wamepanda nyumba yako. Wametoa mabati yako wakaweka yao."

"Nyumba gani?"

"Kwa Ciku."

"Ati Ciku?" Sauti ya Kiema ilipanda. "Usitoke hapo. Nakuja sasa hivi."

Kavata alikata simu na moyo wake ukatulia kidogo. Alitaka Ciku atolewe na mwenye ploti, vitu vyake vikae nje juani, watu wote waone, halafu yeye Kavata aseme pole. Hayo ndiyo aliyoyataka, na sitamsitiri.

Ndipo akausukuma mlango.

Mutisya alikuwa kwenye kiti, miguu mitupu, sahani mkononi. Ciku alikuwa ameinama mbele yake na mwiko, anamwongeza.

"Haiya!" Ciku alishtuka. "Mama Kasyoki, umerudi?"

"Nimerudi. Ulitaka nilale huko kanisani?"

"Kavata..." Mutisya alianza.

"Nyamaza! Kwako kunavuja ukaja kuziba kwa mwingine! Mtoto wako analala chini ya nailoni kama mche wa nyanya, na wewe uko hapa unaongezwa ndengu! Mgongo umepona lini, Baba Kasyoki? Huyu ndiye daktari?"

"Mama Kasyoki, keti kwanza nikueleze," Ciku alisema.

"Usiniite Mama Kasyoki! Wewe umekuja juzi na cherehani yako na kucheka-cheka. Asubuhi, 'Mutisya nisaidie kubeba maji.' Jioni, 'Mutisya nifungulie chupa.' Nilikuwa naona! Unadhani sikuwa naona?"

"Hiyo chupa ilikuwa ya soda ya mtoto wako," Ciku alisema polepole.

Kavata aliinua mkono. Sijui angempiga, sijui angejipiga mwenyewe. Sauti ilitoka nyuma ya pazia linalogawanya chumba.

"Kavata, hebu angalia sahani ziko ngapi."

Pazia likavutwa. Kwenye kitanda cha Ciku alikuwa ameketi Ndunge, mama mzee wa mlango wa kwanza, anayeuza ndizi stendi, sahani magotini. Kando yake Muli na Nzomo, wapangaji wa milango ya nyuma, mashati yamejaa vumbi la kutu. Muli alikuwa na kijiko mdomoni na hakujua kama inafaa kukitoa.

Kavata aligeuka kuangalia nje. Chini ya ngazi kulikuwa na buti za Muli. Kulikuwa na sandali za Nzomo. Zilikuwa hapo tangu mwanzo, na yeye alikuwa ameona viatu vya mtu mmoja tu.

"Mwaitu," alimwambia Ndunge, kwa sababu hata ukiwa na hasira, Ndunge humwiti kwa jina, unamwita mama. "Mwaitu, hii ni nini?"

"Hujui mwethya ukiiona? Sufuria yote hiyo, ulifikiri bwanako anakula kama ng'ombe?"

Mkamba gani hajui mwethya? Watu wanakusanyika, wanafanya kazi kwa mmoja leo, kwa mwingine wiki ijayo, na mwenye zamu anapika sufuria kubwa. Kavata amelelewa ndani ya mwethya. Mamake alilimiwa shamba na mwethya. Lakini ukiwa na wivu, sufuria ya watu watano unaiona ni ya watu wawili.

"Tumechoka kumngoja Kiema," Ndunge aliendelea. "Tumeanza na Ciku kwa sababu maji yalikuwa yanashuka na ukuta mpaka kwa mita ya stima. Hiyo ingetuchoma sisi wote. Wa pili ni wewe."

"Mimi?"

"Funga mlango uangalie nyuma yake."

Kavata alifunga mlango. Nyuma yake kulikuwa na mabati mengine, mapya, yamefungwa na kamba ya mkonge, na juu yake mtu ameandika kwa chaki: KAVATA. Ulikuwa mwandiko wa Mutisya.

Hasira yote ikamwishia miguuni. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumwomba Ciku msamaha na aonje hizo ndengu. Karibu aketi. Halafu swali likamjia, na hilo swali lilikuwa baya kuliko viatu.

"Mbona mimi sikuambiwa?"

Nzomo aliangalia mabati mapya juu. Muli alirudisha kijiko kwenye sahani bila kupiga kelele.

"Nauliza! Mmenunua mabati yangu, mmeandika jina langu, mmengoja niende kwaya. Mbona?"

"Ungemwambia Kiema," Mutisya alisema.

"Nani alisema ningemwambia?"

"Mimi."

Wasomaji wangu, mnakumbuka ile siku Ndunge alipopita mlango kwa mlango, akitaka wapangaji wote waweke sahihi kwenye malalamiko ya kumpelekea Kiema? Kila mtu aliweka isipokuwa Kavata. Alisema Kiema ni wa ukoo wao, na mambo ya nyumba yake atayamaliza kiukoo. Kila Jumapili baada ya ibada wawili hao husimama nje ya kanisa wakiongea. Ploti nzima inaona. Basi wapangaji walipopanga mwethya, walimwuliza Mutisya kama mkewe anaweza kutunza siri, naye akafikiri, akasema hawezi.

"Afadhali ningekupata na mwanamke," Kavata alimwambia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aki ya Mungu, Mutisya. Mwanamke ningempiga yakaisha. Kumbe umekaa na watu ukawaambia mimi si wa kuaminika?"

"Nilikosea?" Mutisya aliuliza. "Niambie nilikosea, nipige magoti hapa hapa."

Kavata alifungua mdomo.

Honi ikalia nje.

Ilikuwa honi ya pikapu, ndefu, ya mtu mwenye haraka na mwenye ploti. Ndunge aliweka sahani chini.

"Huyo ni Kiema," alisema. "Nani amemwita?"

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Kavata. Hakuna aliyemwuliza tena. Mutisya aliiangalia ile simu, akamwangalia mkewe, kisha akageuza uso kabisa.

Kiema aliingia na kufuli mpya mkononi. Ni mwanaume mkubwa, mpole wa sauti, mzee wa kanisa, na anapenda kuonekana hana hasira.

"Wakya, mwiitu wa asa," alimsalimu Kavata. Ndivyo mwanaume wa ukoo anavyomwita dada yake, binti wa baba. "Asante kwa kunipigia. Kama si wewe ningeibiwa paa."

Sasa hata Muli alikuwa amejua.

"Ciku, toa vitu vyako," Kiema alisema bila kupaza sauti. "Umebomoa nyumba yangu bila ruhusa. Hii kufuli ni ya huu mlango."

"Paa lilikuwa limeoza, Kiema," Ndunge alisema. "Tulikupigia simu wote."

"Simu zenu sikupata."

"Malalamiko tulileta mpaka dukani kwako, tukampa msichana wa kaunta."

"Msichana huyo alienda kwao. Mimi sikupewa kitu."

"Kwa hivyo hukujua?"

"Ningejua si ningetengeneza? Mimi nauza mabati, mama. Nitakosa mabati ya nyumba yangu?"

"Vizuri," ilisema sauti ya mwanamke mlangoni. "Hilo ndilo nilikuwa nataka kusikia kwa mdomo wako."

Kiema aligeuka. Mlangoni alisimama mama wa makamo, koti la kazi, kofia ya jua, simu ya kupigia picha tayari. Ndunge alitabasamu kwa mara ya kwanza. Mlifikiri Ndunge ni wa ndizi tu? Alikuwa ameenda ofisi ya afya ya umma mwenyewe, akamwomba afisa aje kuona ule ukuta, na afisa aliahidi kupita leo.

"Naitwa Mutindi. Ukuta nimeuona kutoka nje, na mabati ya zamani nimeyaona hapo chini. Yana matundu ya kupitisha mkono." Alimwangalia Kiema, kisha akawaangalia wapangaji. "Nitawaambia ukweli pande zote mbili. Kama landilodi alijua nyumba ni hatari akanyamaza, namwandikia notisi leo atengeneze ploti nzima, na nyinyi mnaweza kuibeba hiyo notisi mpaka kwa baraza la kesi za wapangaji, hata mkaomba hayo mabati yahesabiwe kwa kodi. Lakini kama hakujua, mmepanda nyumba ya mwenyewe mkakata paa bila kumwuliza. Hapo mimi sina la kuwasaidia. Kwa hivyo swali langu ni moja. Kuna mtu alimwambia, akasikia?"

"Sisi wote!" Muli alisema.

"Aliyejibiwa. Kuna mtu alijibiwa?"

Muli aliwaangalia wenzake.

Kiema alitabasamu. "Madam, mtu wa hii ploti ninayeongea naye ni mmoja tu. Huyu dada yangu. Na ni mtu wa Mungu, hawezi kudanganya. Mwulize kama aliwahi kuniambia habari ya huo ukuta."

Halafu akamwinamia Kavata na kusema kwa upole, kama mtu anayetoa salamu za nyumbani: "Jumatatu mafundi wangu wanaanza kwako. Paa yote. Na dari."

Macho yote yakawa kwa Kavata.

Hebu tusimame naye hapo kidogo, kwa sababu ninyi hamjui anachokijua.

Alimwambia. Mvua ya kwanza kabisa, Ciku alikuja kwake amekunja mkono kifuani, akamwambia ukuta wake unampiga stima, na akamwomba aongee na Kiema, kwa kuwa ndiye anayesikizwa. Jumapili ile nje ya kanisa Kavata aliongea naye. Kiema akamjibu: "Wacha ivuje. Akichoka atatoka mwenyewe, niingize mtu wa kodi ya maana. Wewe nyamaza. Yako nitatengeneza ya kwanza."

Na Kavata alinyamaza. Hakunyamaza kwa ajili ya paa lake peke yake. Asubuhi hiyo alikuwa amemwona Ciku akimtoa Mutisya uzi begani, kwa vidole viwili, akicheka. Alitaka Ciku ahame. Mvua ilipokuwa ikinyesha, Kavata alikuwa akilala chini ya nailoni yake na kusikiliza mabati ya jirani, na moyoni alikuwa anafurahi.

Sasa kulikuwa na kazi ndogo tu ya kutikisa kichwa. Akitikisa, Jumatatu ana paa na dari, Ciku anarudi Emali na cherehani yake, na mume anabaki. Kila alichokuwa amekitamani kwa mwaka mzima kilikuwa kimewekwa mbele yake.

Alimwangalia Mutisya. Mutisya hakumwangalia. Alikuwa anaangalia yale mabati nyuma ya mlango, yenye jina la mkewe, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejua jibu kabla halijatoka.

Huo uso ndio uliomchoma Kavata.

"Nilimwambia," alisema.

"Dada," Kiema alisema.

"Nilimwambia mvua ya kwanza. Nilimwambia maji yanaingia kwa mita na ukuta unapiga stima. Akasema wacha ivuje, Ciku atoke, aingize mtu mwingine. Akaniambia ninyamaze." Alimgeukia Mutindi. "Na mimi nikasema amina. Madam, andika na hiyo pia. Nilisema amina."

Mutindi aliandika.

Hakuna aliyeshangilia. Mngetaka nizungumze juu ya makofi na vigelegele, hapakuwa na kitu. Ndunge alifunika uso na leso. Ciku alikuja mpaka mbele ya Kavata, karibu sana, mwiko bado mkononi.

"Huo ukuta uko kwa kitanda changu," alisema. "Nilikuwa nalala nimekunja mikono hapa katikati ya magoti, nisiuguse nikiwa usingizini. Nikakuambia wewe. Sikuambia mtu mwingine kwanza, niliambia wewe, sababu ulikuwa rafiki yangu wa kwanza hapa Wote."

Kavata aliangalia nyuma ya mlango. Yale mabati yenye jina lake yalikuwa pale pale, na alijua hakuna mtu atakayemwambia ayachukue wala ayaache.

Mutisya alimpita mkewe, akatoka nje kuchukua viatu vyake. Kavata alimfuata mpaka mlangoni. Kuna neno alilotaka kumwambia, neno moja tu: kwamba sasa amesema ukweli, mbele ya watu, na amepoteza paa kwa sababu yake.

Lakini Kiema hakuwa amemaliza. Upole wote ulikuwa umemtoka. Alitupa kufuli sakafuni.

"Umeniuza, mwiitu wa asa? Umeuza ukoo kwa hawa? Sawa. Mimi nitatengeneza, nitalipa, nitaenda kwa hilo baraza. Lakini kabla sijaenda uliza bwanako kitu kimoja. Mwulize ni nani alikuja dukani kwangu akamwombea Ciku nyumba. Mwulize ni nani alisema lazima iwe ule mlango, unaoangaliana na wenu, na hataki mwingine."

Ciku alisema, haraka sana, "Kiema, tafadhali."

Kavata aligeuka. Mutisya alikuwa ameketi kwenye ngazi, kiatu kimoja amevaa, kingine mkononi, kile chenye kamba nyeusi.

"Baba Kasyoki," alimwita. "Mwambie anadanganya."

Mutisya aliishika ile kamba, akaanza kuifungua, ingawa haikuwa imefungwa.